Kila nilichokagua ni cha kweli, mbona nahisi nimedanganywa?

SWALI: "Mimi ni mlezi wa klabu ya mijadala ya vijana. Nilipanga kuwaonyesha filamu ya makala ya dakika 90 inayomchambua kiongozi mmoja wa kisiasa na jinsi alivyoingia madarakani. Mimi ilinigusa sana. Shemeji yangu, ambaye ni shabiki wa kiongozi huyo, aliitazama nusu saa akaizima, akasema ni propaganda tupu. Nikaamua kuikagua. Nilichagua mambo matano: tarehe, kiasi cha fedha, vyeo vya watu. Yote matano ni sahihi. Kisha nikatafuta filamu nyingine inayomtetea kiongozi yuleyule. Nayo niliyoyakagua ni ya kweli, lakini hadithi ni kinyume kabisa. Sasa sijui nimwamini nani. Inawezekanaje mambo yawe ya kweli na bado mtu adanganywe? Na je, vijana niwaonyeshe au niachane nayo?"

JIBU: Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki, na umefanya jambo ambalo watazamaji wengi hawalifanyi: umekwenda kukagua. Shida ni kwamba umelinda mlango ambao mwizi hapitii. Tarehe, kiasi cha fedha na cheo cha mtu ndivyo vitu ambavyo kituo chochote makini huvihakiki kabla ya kurusha filamu, kwa kuwa ni rahisi kuvihakiki na ndivyo mwanasheria wake huuliza kwanza. Nimehariri filamu za aina hii kwa miaka mingi na sasa nafundisha wanaoanza kazi hiyo. Upotoshaji niliokutana nao ni nadra kuukuta ndani ya jambo mojamoja. Hukaa katikati ya jambo na jambo, pale picha mbili zinapowekwa pamoja na mtazamaji akaachiwa ajumlishe mwenyewe.

Kujumlisha huko hakuzuiliki. Inasimuliwa kuwa mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, kiasi cha miaka 100 iliyopita, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha hisia yoyote, akaufuatanisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Uso ni uleule, lakini watu wakaona njaa, kisha wakaona huzuni, na wakasifu uigizaji. Tangu hapo kila mhariri anajua kwamba sehemu ya filamu hutengenezwa kichwani mwa anayetazama. Ndiyo maana ni vigumu kuikamata: sehemu hiyo haimo kwenye filamu hata ukiirudisha nyuma mara ngapi.

Nikuonyeshe kwa karibu. Tuseme mhasibu mstaafu anahojiwa kwa saa mbili. Anaulizwa kuhusu fedha za mradi fulani, anajibu: "Siwezi kusema ziliibwa, sijaona ushahidi wa hilo. Ila kuna maswali mengi kuhusu namna zilivyotumika, na baadhi niliyauliza mimi mwenyewe nikajibiwa." Mhariri ana sekunde chache tu za kujaza. Anaanzia kwenye "kuna maswali mengi", anakata baada ya "zilivyotumika". Pale mkato ulipo, kichwa cha mzee kingeruka ghafla kwenye skrini, kwa hiyo anaufunika kwa picha ya mikono yake ikipekua mafaili, huku sauti ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Picha inayofuata ni kiongozi akishuka kwenye gari huku akicheka, na muziki mzito unaanza chini kwa chini. Hakuna neno lililoghushiwa hapo. Mzee alisema hayo. Kiongozi alicheka kweli siku hiyo, pengine mtoto alimpungia mkono. Ukimpigia mhasibu simu ukamuuliza kama maneno ni yake, atakubali. Muulize kama ndicho alichomaanisha, hapo ndipo utakaposikia malalamiko.

Si kisa cha kubuni tu. Oktoba 2024 kipindi cha Panorama cha BBC kilirusha makala kuhusu Donald Trump. Ndani yake kulikuwa na hotuba yake ya tarehe 6 Januari 2021, siku ambayo jengo la Bunge la Marekani lilivamiwa. Mtazamaji alimsikia akisema kwamba wataelekea bungeni, kwamba naye atakuwa pamoja nao, na kwamba watapigana kwa nguvu zote. Ilisikika kama pumzi moja. Kumbe vipande hivyo vilitoka sehemu mbili za hotuba zilizopishana kwa zaidi ya dakika 50, na maneno aliyoyaunganisha mwenyewe na kile cha kwanza yalihusu kwenda kuwashangilia maseneta na wabunge. Mahali alipowataka waandamane kwa amani hapakuwekwa. Jambo hilo lilipolipuka Novemba 2025, Mkurugenzi Mkuu wa BBC, Tim Davie, na mkuu wa habari, Deborah Turness, walijiuzulu, na shirika likaomba radhi kwa uhariri huo. Sasa jiulize: kama ungekagua kwa njia uliyoitumia, ungeona nini? Alisema wataelekea bungeni? Ndiyo. Alisema watapigana? Ndiyo. Tarehe ni sahihi? Ndiyo. Filamu ingefaulu mtihani wako wote.

Niongeze kitu ambacho wengi hukiruka. Mkato ule mbovu haumtii mtu hatiani kwa yaliyotokea siku ile, wala haumsafishi. Umeharibu ushahidi mmoja. Ushahidi mwingine unabaki pale pale na unapaswa kupimwa wenyewe. Mashabiki wa kila upande hupenda kukamata kosa moja na kulitumia kama sabuni ya kuoshea kila kitu, na hilo nalo ni kuchagua ukweli.

Dhana ya kwanza ya kusahihisha basi ni hiyo ya kwamba vipande vya kweli vikijumlishwa vinatoa filamu ya kweli. Ya pili, ambayo naisikia kwa shemeji yako, ni kwamba filamu yenye upande ni ya uongo. Hapana. Kila mwongozaji hurekodi saa nyingi na kutumia moja, na anayekuambia kwamba hakuchagua, huyo ndiye wa kumwogopa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Frank Capra alitengenezea jeshi la Marekani mfululizo wa filamu za kuwaeleza askari kwa nini wanapigana, na ndani yake akatumia picha za propaganda ya Wanazi wenyewe, zikiwemo zile alizopiga Leni Riefenstahl kwenye mkutano wa Nuremberg wa mwaka 1934. Gwaride lilelile, bendera zilezile. Kwa Riefenstahl ni fahari, kwa Capra ni onyo. Wote wawili walikuwa na upande, na mtazamaji alijua. Kuwa na upande hakukumfanya Capra akosee kuhusu Wanazi.

Mimi hutenganisha mambo mawili. Mwongozaji ana haki ya kuwa na msimamo, hata mkali. Hana haki ya kunidanganya kuhusu nilichokiona: lini kilitokea, wapi, kwa mpangilio gani, na nani alikuwa akijibu swali gani. Hapo ndipo naweka mstari, na nauweka palepale hata kama nakubaliana na hoja yake. Chukua Bowling for Columbine ya Michael Moore, ya mwaka 2002. Charlton Heston, wakati huo rais wa NRA, chama kinachotetea umiliki wa bunduki Marekani, anaonekana akiinua bunduki juu na kutamba kwamba wataichukua kutoka mikononi mwake akiwa maiti. Mara tunaingia kwenye mkutano wa chama hicho Denver, siku chache baada ya mauaji ya shule ya Columbine ya Aprili 1999. Mtazamaji anatoka akiamini mzee yule alikwenda kutamba mbele ya wafiwa. Bunduki ile aliiinua katika mkutano mwingine, katika mji mwingine, mwaka uliofuata. Kwenda Denver wakati ule kulikuwa na ukosoaji wake wa kutosha, na Moore angeweza kuujenga bila kukopa picha ya mwaka mwingine.

Upande wa kulia, yaani wa wahafidhina, nao una yake. Filamu 2000 Mules ya Dinesh D'Souza, ya mwaka 2022, ilitumia data za mahali simu zilipokuwa pamoja na video za kamera za ulinzi kudai kwamba watu walilipwa kutumbukiza kura haramu katika uchaguzi wa Marekani wa 2020. Mwaka 2024 kampuni ya Salem Media Group, iliyohusika kuitoa, iliiondoa sokoni na kumwomba radhi mpigakura mmoja wa Georgia aliyeonyeshwa humo kama mhalifu. Uchunguzi wa jimbo ulikuwa umebaini kwamba alikuwa akipeleka kura za watu wa familia yake, jambo linaloruhusiwa na sheria. Angalia tena: video ni ya kweli, mtu ni wa kweli, kura ni za kweli. Maelezo ya msimuliaji ndiyo yaliyogeuza tendo halali kuwa jinai.

Kuna aina ambayo ni ngumu zaidi kuliko kukata na kubandika, nayo ni kusema jambo kisha kulizika. Filamu ya Kony 2012 ilitoka Machi 2012 na kutazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Ilipolaumiwa kwamba inaionyesha Uganda kana kwamba Joseph Kony, kiongozi wa waasi, bado yumo, watetezi wake waliweza kujibu kwamba filamu yenyewe inataja kuwa kundi lake lilihamia nchi nyingine. Kweli inataja. Lakini ni sentensi inayopita upesi, huku uzito wote wa picha, watoto, machozi na wito wa kuchukua hatua ukikaa kwenye hali ya miaka iliyopita. Ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu ambao ndio walioishi vita ile, walikasirika hadi mawe yakarushwa. Mtazamaji wa mbali hakuwa na njia ya kuhisi kilichokosekana, ila wao walikuwa nayo.

Wasomaji wa Tanzania wataikumbuka "filamu ya mapanki", Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria pale Mwanza. Minofu inaondoka kwa ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki, yanabaki, na swali linarudi kila mara: ndege hizo huja zimebeba nini? Rais Jakaya Kikwete aliishambulia hadharani mwaka 2006. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon naye akaiandikia kitabu cha kuipinga na kumtuhumu mwongozaji. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Naipenda kesi hii kwa sababu haitoi jibu jepesi. Kuthibitika kwamba mwongozaji alisingiziwa hakumalizi swali la kama picha ile ndiyo Mwanza nzima. Na swali lililorudiwa mara nyingi kwenye filamu hufanya kazi ya dai, hata kama hakuna aliyedai. Ukikutana na msimuliaji anayeuliza "je, inawezekana kwamba…" mara tatu kwa saa moja, andika pembeni: hili hajalithibitisha.

Turudi kwa shemeji yako, na kwako pia. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliounga mkono Israel na waliounga mkono Waarabu walionyeshwa taarifa zilezile za runinga kuhusu mauaji ya Beirut ya mwaka 1982. Kila kundi lilisema taarifa zile zimeegemea upande wa wapinzani wake. Kwa hiyo hasira ya shemeji si ushahidi kwamba filamu ni mbovu, na kuguswa kwako si ushahidi kwamba ni nzuri. Mimi ninapopima kazi ya mtu, sehemu zinazonifurahisha ndizo ninazozirudia mara mbili.

Dhana ya tatu ndiyo inayokusumbua zaidi: kwamba ukitazama filamu mbili zinazopingana, ukweli utakuwa katikati. Ukweli hauna desturi ya kukaa katikati. Mwaka 2007 mzazi mmoja Uingereza alikwenda mahakamani kuzuia An Inconvenient Truth, filamu ya Al Gore ya mwaka 2006 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, isisambazwe shuleni. Jaji Burton aliona hoja zake kuu za kisayansi kwa jumla ni sahihi, lakini akataja sehemu tisa ambazo zilivuka mipaka ya kile wanasayansi walichokubaliana. Mwaka huohuo kituo cha runinga cha Uingereza, Channel 4, kilirusha The Great Global Warming Swindle iliyodai kinyume chake. Mwaka 2008 msimamizi wa utangazaji wa nchi hiyo, Ofcom, aliona kwamba ilikiuka kanuni za kutopendelea upande na kwamba baadhi ya watu hawakutendewa haki. Mmoja wao ni mwanasayansi wa bahari Carl Wunsch, aliyelalamika kwamba hakuelezwa anaingizwa kwenye filamu ya aina gani, na Ofcom ikakubaliana naye kwa sehemu. Filamu zote mbili zilikutwa na dosari. Je, ndiyo kusema tabianchi inabadilika nusu? Moja ilitia chumvi kwenye jambo ambalo kimsingi ni sahihi, nyingine ilikosea kwenye msingi wenyewe.

Uamuzi wa Jaji Burton unajibu swali lako la pili kuliko ninavyoweza mimi. Hakuizuia filamu. Aliruhusu ionyeshwe ikiambatana na maelezo kwa walimu yanayotaja sehemu zenye utata. Mbele yako kuna njia kadhaa. Ukiiacha kabisa, vijana wataitazama kwenye simu, vipande vya dakika moja, bila wewe. Ukiionyesha ikaisha mkaondoka, umekuwa msambazaji. Kuonyesha zote mbili kunaonekana ndiyo haki, na walezi wengi huchagua hilo, lakini nimeona matokeo yake: vijana hutoka wakisema kila mtu anadanganya, basi hakuna haja ya kujua lolote. Huo ni ugonjwa mbaya kuliko ule uliokuwa unautibu. Ningekuwa wewe, ningeonyesha moja, yote, bila kuikatiza, kisha kikao kinachofuata nikarudi kwenye sehemu mbili tu, dakika tano tano, tukazifungua. Filamu ya pili ingebaki akiba ya mahali ambapo inaleta ushahidi ambao ya kwanza imeuacha.

Ili uzijue sehemu hizo, itazame mara ya pili ukiwa na karatasi. Acha mambo matano ya pembeni, tafuta dai linaloibeba filamu, lile ambalo likitolewa hadithi inaanguka. Kama ni jinsi kiongozi alivyoingia madarakani, huenda dai ni kwamba tukio A lilisababisha tukio B. Andika tarehe za picha kwa mpangilio wa kalenda, si wa filamu. Utashangaa mara ngapi "muda mfupi baadaye" ni miaka miwili. Kisha zima sauti kwenye sehemu iliyokugusa kuliko zote uitazame kimya. Ukikuta kilichobaki ni mtu akitembea kwenye korido, basi ulichoguswa nacho ni muziki. Mahojiano yanapofunikwa na picha nyingine katikati ya sentensi, tafuta mahojiano kamili. Kwa hotuba za hadhara karibu kila mara yapo. Takwimu nazo ziulize zimeanzia wapi: ukosefu wa ajira ukitoka asilimia 4 hadi 6, mmoja atasema umepanda kwa nusu nzima, mwingine atasema umepanda kwa pointi mbili tu, na wote hawajasema uongo. Mwisho angalia kama mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujibu, na jibu lake liliwekwa wapi. Jibu la maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, sekunde nne, baada ya muziki kuisha, ni jibu kwa jina tu.

Kuna mambo karatasi haitamaliza. Kama dai kuu linahusu nyaraka, hesabu za serikali au sheria, usibahatishe mbele ya vijana. Mwombe mwandishi wa habari aliyeripoti suala hilo wakati likitokea, au mwalimu wa historia, au mkutubi anayejua magazeti ya zamani yalipo, aje akae nanyi. Atakueleza kwa saa moja kilichoachwa nje, na hicho ndicho ambacho wewe huwezi kukiona kwa kuitazama filamu yenyewe, hata mara kumi. Ikiwa filamu inachochea chuki dhidi ya kabila au dini fulani, hapo usifanye zoezi lolote, iache na uitolee taarifa. Na kama wewe au ndugu yako mmeonyeshwa ndani yake kwa namna isiyo ya kweli, muone mwanasheria mapema, kwa kuwa malalamiko kwa vituo na kwa wasimamizi wa utangazaji huwa na muda maalumu. Usianze kwa kujibizana mitandaoni.

Kuhusu shemeji, usibishane naye juu ya neno propaganda. Mwombe akutajie dakika: ni wapi hasa alipoona uongo? Akiitaja, nendeni pamoja mkaitazame hapo, tena huenda akakuonyesha kitu kwa sababu anamfuatilia kiongozi huyo kuliko wewe. Akisema "yote", mwambie amalizie kwanza ile saa moja aliyoiacha. Na kabla ya siku ya kuonyesha, hakikisha nakala uliyonayo ni toleo gani. Filamu hizi hurekebishwa au kuondolewa baada ya malalamiko, lakini nakala za kwanza huendelea kuzunguka kwenye flashi na makundi ya WhatsApp, na ile iliyokufikia inaweza kuwa ndiyo iliyokwisha kuombewa radhi.